Jezi namba 71 ilifika Hader ameshauzwa

Kaka yangu yuko Milwaukee miaka mingi sasa na yeye ndo alieniharibia usingizi. Mechi ya Brewers, timu ya besiboli ya mji huo, ikianza jioni kule, kwangu ni saa tisa usiku na dakika kumi, na raundi ya tisa, ile ya mwisho, inafika kunapambazuka, nyumba nzima imelala, mi niko chini ya blanketi simu imebaki asilimia nane, nasubiri kile kimlango cha kule nyuma ya uwanja kifunguke atoke jamaa mmoja mwembamba, mkono wa kushoto, nywele ndefu zinapeperuka utadhani mpiga gitaa kachelewa shoo. Josh Hader. Akitoka yeye mi nilikua naanza kutafuta chaja, maana mechi kwa hesabu zangu imeshaisha.

Julai 2022 kaka akaniandikia WhatsApp: dogo nataka nikutumie jezi, taja jina. Sikuwaza hata sekunde. Hader, 71. Akaiposti. Agosti 1, jioni ya saa zangu, nafungua simu nakuta Brewers wamemuuza Hader kwa San Diego Padres. Na siku hiyo tulikua tunaongoza kundi letu kwa mechi tatu, yaani tunaongoza, sio tunasuasua, sio tunajenga upya. Jezi ilifika kama wiki mbili baadae, imekunjwa vizuri kwenye nailoni, namba 71 mgongoni, na mi nikaishika kama mtu aliepokea kadi ya harusi ya ndoa iliyovunjika.

Toka siku hiyo nimekua na swali hili kichwani na nimebadilisha msimamo mara kadhaa: timu ikiwa na kloza mzuri, imuuze ichukue madogo wanaochipukia, au imng'ang'anie? Leo naamini auzwe. Karibu kila mara auzwe. Ila nina ugomvi mkubwa na mwezi wanaochagua kumuuza, na hapo ndo nataka nifike.

Kwa wale msiofatilia huu mchezo, kloza ni mrushaji anaeletwa mwishoni timu yake ikiwa inaongoza kidogo, kazi yake ni kupata zile auti tatu za mwisho, yaani kuwatoa wapigaji watatu, halafu watu wapeane mikono waende nyumbani. Nimejaribu kutafuta neno la Kiswahili nikashindwa, ukisema "mfungaji" watu wanadhani namba tisa wa mpira wa miguu, kumbe huyu kazi yake ni kufunga mlango. Basi nimebaki na kloza. Akiifanya kazi yake anaandikiwa kitu kinaitwa sevu, na hii sevu sio kitu cha asili kama goli, ilibuniwa na mwandishi wa habari wa Chicago, Jerome Holtzman, na ligi ikaja kuitambua rasmi mwaka 1969. Masharti yake yana vichekesho vyake. Ukiingia raundi ya tisa timu inaongoza kwa pointi tatu, ukamaliza, sevu yako. Ukiingia inaongoza kwa nne beisi, vile vituo wanavyokimbilia wapigaji, zikiwa tupu, ukarusha mipira ile ile kwa watu wale wale, huna kitu.

Kwanini nasema haya, kwa sababu pesa inafata sevu. Mchezaji wa ligi kuu ya Marekani miaka yake ya mwanzo analipwa kima cha chini au juu yake kidogo, mwaka 2022 kilikua dola 700,000, halafu akiwa na kama miaka mitatu hivi anapata haki ya kupeleka mshahara wake kwa msuluhishi, na pale mezani sevu zinahesabiwa, na akitimiza miaka sita ya utumishi anakua huru kwenda anakotaka. Hader mwaka ule alikua keshafika dola milioni 11 na alikua amebakiza msimu mmoja tu mbele awe huru. Milwaukee ni moja ya miji midogo kabisa kwenye ligi nzima. Kwahiyo bosi wa timu akimwangalia Hader haoni nywele ninazoziona mimi, anaona saa ya ukutani.

Halafu kuna hesabu moja mbaya sana ambayo mashabiki hatuipendi. Msimu una mechi 162, kila moja raundi tisa, jumla ni kama raundi 1,458. Hader mwaka 2021, msimu ambao alikua hagusiki kabisa, wastani wake wa kuruhusu pointi kwa kila raundi tisa ulikua 1.23 na akapata sevu 34, alirusha raundi 58 na kitu. Hamsini na nane! Gawanya mwenyewe, ni asilimia nne ya kazi yote. Mpigaji wa kila siku yuko uwanjani karibu kila mechi, mrushaji anaeanza anakupa raundi 160 au 180 akiwa mzima, huyu kloza anaingia dakika kumi na tano, tena sio kila siku. Ukiambiwa kuna mtu anataka kukupa madogo wawili watatu, kila mmoja utamtumia miaka sita kwa bei ya chini, na unachotoa ni asilimia nne ya kazi, karatasini hakuna hata mjadala.

Nilimwambia kaka hivyo hivyo nikijifanya msomi. Akanijibu kwa sauti, ile ya kurekodi, nasikia kelele za barabarani nyuma yake: "Mdogo wangu, hizo asilimia nne ndo zile ambazo unakua macho." Nikakosa la kusema.

Maana ni kweli. Raundi zote sio sawa. Raundi ya tatu mkiwa nyuma kwa pointi sita na raundi ya tisa mkiwa mbele kwa moja, kwenye jumla zinahesabika moja na moja, ila hii ya pili ndo inabeba mechi yote mgongoni. Na kuna kitu kingine hakiandikwi popote, ile hali ya wachezaji wenzie kujua kwamba tukifika raundi ya tisa tuko mbele tumemaliza. Ukiitoa hiyo ghafla katikati ya safari, watu wanaanza kuangaliana.

Ndicho kilichotokea Milwaukee 2022. Na niseme ukweli kabla sijalalamika, Hader mwenyewe Julai ile alikua anavuja. Kule San Francisco, Julai 15, alipigwa homurani (mpira unaopigwa ukatoka nje kabisa) tatu kwenye raundi moja, ya mwisho ikiwa ya Mike Yastrzemski na beisi zote zimejaa, pointi nne kwa mpigo, mechi ikaisha pale pale watu wanaruka. Niliiona ile live na nikajiambia ni uchovu tu. Kumbe ofisini labda mtu alikua anaandika mahali.

Tukamtoa kwa Padres, tukapewa wanne: Taylor Rogers ambae nae alikua kloza wa Padres, Dinelson Lamet mrushaji, na madogo wawili, Esteury Ruiz mwenye mbio za ajabu na Robert Gasser mrushaji wa kushoto. Lamet hata hakuvaa jezi yetu kwenye mechi, ndani ya siku mbili wakamwondoa kwenye kikosi, hadi leo sijaelewa aliwekwa kwenye ule mkataba kwa kazi gani. Rogers akawa anapigwa homurani kila nikifumba macho. Nafasi ya Hader akapewa Devin Williams, ambae ni mzuri, tena mzuri sana, tatizo nafasi ya Williams ya raundi ya nane ikabaki haina mtu, na nafasi ya yule wa raundi ya saba akapandishwa mtu, yaani unatoa tofali la juu unashangaa ukuta mzima umeshuka ngazi moja. Mechi tatu za kwanza baada ya kuuza zilikua Pittsburgh, kwa timu iliyokua hoi. Tukafungwa zote tatu.

Mwisho wa msimu tuna ushindi 86. Phillies wana 87, wakachukua nafasi ya mwisho ya mtoano, na kama vile haitoshi wakaenda nayo mpaka World Series, fainali ya ubingwa. Ushindi mmoja. Mi siwezi kuthibitisha kwamba Hader angetupa huo mmoja, tena ukiangalia alivyocheza Agosti akiwa na Padres unaweza kusema tuliokoka, siku moja dhidi ya Kansas City aliruhusu pointi sita akiwa amepata auti moja tu. Lakini mtu akiniambia ule uuzaji haukuhusika hata chembe na huo ushindi mmoja, namwangalia tu.

Na upande wa pili, Padres walipata walichokitaka? Hader akaamka kwenye mtoano, hakuruhusu hata pointi moja, wakawatoa Mets, wakawatoa Dodgers, wakafika kwa Phillies fainali ya ligi. Mechi ya tano, raundi ya nane, Padres mbele, Bryce Harper anakuja kupiga, na Hader ameshapasha moto yuko kule nyuma anasubiri aitwe. Hakuitwa. Wakamwacha Robert Suarez, Harper akaupeleka mpira upande wa kushoto ukaenda, safari ya Padres ikaishia hapo. Unatoa watu wanne kununua kloza kwa ajili ya dakika kama ile, dakika inafika, kloza amekaa anaangalia kama mimi tu na simu yangu. Nilicheka peke yangu usiku ule, kicheko kibaya, siwafichi.

Sasa ngoja niende upande ambao utanifanya nionekane kigeugeu. Desemba ya mwaka ule ule Brewers wakamchukua yule Esteury Ruiz wakamwingiza kwenye biashara ya timu tatu, yeye akaenda Oakland, Atlanta wakampata Sean Murphy, na sisi tukapewa William Contreras, mdakaji (anaekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji), kijana, anapiga mpira kwa hasira, pamoja na Joel Payamps ambae akawa mrushaji wa raundi ya nane kwa kazi nyingi tu. Ruiz alikua ametuchezea mechi tatu. Tatu! Kule Oakland 2023 akaiba beisi 67, yaani kuziwahi kwa mbio bila mpira kupigwa, hongera yake, ila Contreras 2024 alianza mechi ya All-Star, ile ya nyota wa ligi, na sisi tukachukua kundi letu 2023, tukalichukua 2024, tukalichukua 2025. Kwahiyo ukifata uzi kutoka mwanzo, Hader mmoja aliebakiza msimu mmoja na kitu akageuka kuwa mdakaji wa miaka mitano. Hiyo ni biashara ya maana, hata mi mwenye jezi nakubali.

Na hata Hader mwenyewe, watu husahau, tulimpata hivyo hivyo. Julai 2015 Brewers walikua wanauza, wakawapa Houston Astros Carlos Gómez na Mike Fiers, na kwenye wale madogo wanne waliokuja Hader hakuwa hata jina linaloimbwa. Orioles walimchagua raundi ya 19 ya kugawana vijana wapya, Astros wakamchukua, wakamtoa. Yaani yule mtu nilielia nae alikua chipukizi wa kwenye biashara ya mtu mwingine. Hata Trevor Hoffman, sevu 601, wa pili kwenye historia nyuma ya Mariano Rivera mwenye 652, alifika San Diego 1993 akiwa dogo tu, Padres walipowapa Marlins nyota wao Gary Sheffield na mashabiki wakachukia vibaya sana.

Basi wapi ninapogomba. Ninapogomba ni kuchanganya timu mbili tofauti. Kuna timu imeshakufa, iko mechi kumi na mbili nyuma, haina mlango wa kufunga kwa sababu haina hata nyumba. Hiyo kloza wa nini? Hiyo iuze Julai bila kupepesa macho, maana Julai ndo kuna wenye njaa, dirisha linakaribia kufungwa, mnunuzi anaiona Oktoba ya mtoano mbele yake na akili yake haiko sawa. Yankees 2016 walifanya hivyo vizuri mno. Walikua na Aroldis Chapman na Andrew Miller, wote wawili, wakawauza wote ndani ya wiki moja. Chapman akaenda Chicago Cubs, wakapewa Gleyber Torres na wengine watatu. Cubs hawakua wamechukua ubingwa toka 1908, we unadhani wangebishana bei? Wakachukua, mechi ya saba, raundi kumi, 8 kwa 7, japo Chapman mwenyewe siku ile alichoka akapigwa homurani na Rajai Davis ya kusawazisha na watu wa Chicago nusura wafe. Halafu msimu ulipoisha Chapman akawa huru, na Desemba akarudi Yankees kwa dola milioni 86 za miaka mitano. Walimuuza miezi mitatu, wakabaki na Torres, na kloza akarudi nyumbani. Sijawahi kuona mtu anakodisha ng'ombe akalipwa ndama halafu ng'ombe akarudi.

Na ole wako timu mfu ikisubiri. Zach Britton wa Orioles mwaka 2016 alipewa nafasi za sevu 47, akazimaliza 47. Ukamilifu. (Na kwenye mechi moja ya mtoano mwaka ule kocha wake akamwacha benchi mpaka wakafungwa raundi ya 11, lakini hilo ni jeraha la watu wengine sitaki kuligusa.) Julai 2017 Orioles wanashuka, kila mtu anajua Britton anatakiwa sokoni, wakamshika. Desemba akapasuka mshipa wa kisigino akiwa mazoezini. Wakaja kumuuza Julai 2018 akiwa katoka kupona, amebakiza miezi miwili ya mkataba, msimu ambao Orioles walipoteza mechi 115. Walichopata ni warushaji watatu ambao hakuna aliekuja kubadilisha chochote pale.

Mwili wa mrushaji ni hivyo. Edwin Díaz wa Mets machi 2023 goti lilipasuka akiwa anashangilia, sio anarusha, anashangilia Puerto Rico kuifunga Dominican kwenye mashindano ya dunia, msimu wote ukaenda. Kumshika kloza bila kazi ya kumpa ni kama kuweka barafu kabatini.

Ila timu ya pili, ile iliyo hai, inayoongoza au inanusa, hiyo ndo nasema isimguse Julai. Sio kwa mapenzi. Ni kwa sababu kile unachokiuza ni kile kile unachokihitaji miezi miwili ijayo, halafu unalipwa kwa kitu utakachokitumia miaka mitatu ijayo, na wale waliobaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo wanasoma ujumbe. Subiri Desemba. Bei itashuka, ndio, mnunuzi anapata mtoano mmoja badala ya miwili, lakini wewe nae umeshautumia wako.

Na ushahidi wangu ni Brewers hao hao, maana walirudia mtihani.

Oktoba 2024, ilikua Ijumaa alfajiri kwangu, mechi ya tatu ya mtoano dhidi ya Mets, atakaeshinda anaendelea. Jake Bauers na Sal Frelick wamepiga homurani mbili mfululizo raundi ya saba, tuko mbele 2 kwa 0, raundi ya tisa anaingia Devin Williams, kloza wetu, yule yule alieachiwa kiti na Hader. Ana mpira mmoja wa polepole unaopinda kama umebadilisha mawazo njiani, wapigaji wanaupigia hewa. Nikaanza kutafuta chaja, tabia ya zamani. Lindor wa Mets akapewa beisi ya bure. Mmoja akatoka. Nimmo akapiga akafika. Akaja Pete Alonso. Mpira ukaenda upande wa kulia, sio mrefu sana, nikaona Frelick anarudi nyuma, anarudi, anagusa ukuta, na kamera ikabaki pale ukutani sekunde moja zaidi ya ilivyotakiwa. Pointi tatu. Tukafungwa 4 kwa 2. Kaka aliandika neno moja tu, na silirudii hapa.

Desemba 13 wakamuuza Williams kwa Yankees. Alikua amebakiza mwaka mmoja awe huru, hali ile ile ya Hader. Safari hii sikulia, nikauliza tu tumepata nini. Nestor Cortes, mrushaji, na dogo mmoja mfupi anaitwa Caleb Durbin ambae alichaguliwa raundi ya 14 kutoka chuo ambacho hata hakitoi ufadhili wa michezo. Nikasema haya, tumeibiwa.

Na wiki ya kwanza ya 2025 nilikua na haki. Machi 29, Jumamosi, saa mbili usiku kwangu, muda wa kistaarabu kwa mara ya kwanza, nikawakalisha watu sebuleni waone mchezo ninaopoteza usingizi kwa ajili yake. Cortes anaanza dhidi ya Yankees, timu yake ya zamani. Mpira wa kwanza, Goldschmidt, homurani. Mpira wa pili, Bellinger, homurani. Mpira wa tatu, Judge, homurani. Mipira mitatu! Mtoto wa dada akaniuliza, "Anko, kwani ndo wanavyochezaga hivi?" Tulifungwa 20 kwa 9. Tukapoteza mechi nne za kwanza.

Halafu tukashinda 97. Rekodi bora kuliko timu zote 30 msimu ule. Durbin yule mfupi akawa mlinzi wetu wa beisi ya tatu, anapigwa na mipira mwilini kama gunia anafika beisi hivyo hivyo, akamaliza wa tatu kura za mchezaji mpya bora wa ligi yake. Kloza akawa Trevor Megill, mtu mkubwa kama mlango wenyewe, ambae tulimtoa Minnesota 2023 kwa karibu bure, akapata sevu 30. Cortes aliumia na Julai akaenda San Diego. Na Williams kule New York mpaka mwisho wa Aprili wameshamtoa kwenye ukloza, wastani wake ukamalizia 4.79. Sikufurahi, kwa kweli sikufurahi, nilimpenda yule jamaa. Ila tofauti na 2022 unaiona? Mtu wa kazi ile ile, hali ile ile ya mkataba, ila waliuza wakiwa na miezi mitatu ya kupanga ukuta upya, Megill na Abner Uribe wakaenda kambini wakijua kazi zao, hakuna alieamka asubuhi akakuta kiti cha jirani yake kitupu.

Hapa lazima nimtaje David Stearns. Yeye ndo alikua mkubwa wa masuala ya mchezo Milwaukee tulipomuuza Hader, akaondoka, sasa yuko Mets. Julai 2025 akiwa upande wa kununua akamchukua Ryan Helsley, kloza wa St. Louis, akatoa madogo watatu. Helsley alifika New York akasahau kurusha, wastani 7.20, na Mets wakamaliza 83 kwa 79 sawa sawa na Cincinnati, wakatolewa kwa kigezo cha mechi walizokutana. Bosi yule yule: 2022 kauza kloza kakosa mtoano kwa ushindi mmoja, 2025 kanunua kloza kakosa mtoano kwa kigezo. Mungu ana uandishi wake. Halafu baada ya msimu akamsajili nani? Devin Williams.

Kuhusu wale madogo, neno moja tu, maana watu wanaongea juu yao kama vile ni pesa taslimu. Mariners 2018 walimtoa Díaz yule yule kwa Mets akiwa katoka na sevu 57, wakamtoa pamoja na nyota Robinson Canó, na kito cha ile biashara kilikua Jarred Kelenic, kijana ambae orodha zote zilimwimba. Msimu wake wa kwanza akapiga .181, yaani hata mara mbili katika kumi hakufikisha. Wengi hawafiki. Ndo maana nikiona timu inajisifu imepata wanne kwa mmoja huwa nashtuka, wanne mara nyingi maana yake hakuna hata mmoja waliekua wanamtaka kweli. Athletics Julai 2025 walipowapa Padres Mason Miller, anaerusha mpira kasi ya maili 100 na zaidi kama salamu, walitaka jina moja kwanza, Leo De Vries, shortstop (mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu) wa miaka 18, wengine wakaja kujaza gari. Hivyo ndo inavyotakiwa. Na Boston 1997 hawakuhitaji wanne: Seattle walikua wanamtaka kloza Heathcliff Slocumb, wastani wake ulikua karibu sita, wakatoa Derek Lowe na Jason Varitek. Wawili. Lowe akaja kushinda mechi ya kumalizia kila hatua ya mtoano 2004, Varitek akiwa ndo mdakaji, Boston ikachukua ubingwa wa kwanza toka 1918.

Jezi ya Hader bado ninayo. Mwaka juzi kaka akanitumia nyingine, ya Williams, 38, nayo imekaa kabatini haina mwenyewe. Juzi akaniuliza anitumie ipi safari hii, ya Megill? Nikamwambia bro hapana, sitaki kloza tena ndani ya nyumba hii, nitumie ya Contreras. Akakaa kimya kidogo, naona anaandika, anafuta, anaandika.

"Contreras anakua huru baada ya 2027," akasema. "Nikiiposti leo utaivaa misimu miwili. Labda."